Cherehani Isiyo na Uzi

Wiki iliyopita niliwaacha nikiwa nimesimama mlangoni na kitambaa cha mwalimu mkononi, huku mwalimu mwenyewe akiondoka na furaha yake. Bado sijakishona. Nimekikunja juu ya kabati, na kila nikipita nakitazama kwa pembeni kama jirani tuliyegombana naye.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, mambo yangu ni haya. Mume wangu alikuwa fundi cherehani. Alishonea humu humu chumbani, kwenye cherehani ya miguu iliyoko chini ya dirisha. Kifua kilimchukua wakati mimba yangu imeshakuwa kubwa. Tulimzika, na haukupita muda nikajifungua mapacha, wa kiume na wa kike. Sasa wanatambaa.

Wa kiume majirani wanamwita Jenereta. Ukimsikia huulizi kwa nini. Wa kike hakuna aliyemtafutia jina la utani. Mimi tu ndiye niliyezoea kumwita Kimya.

Cherehani niliigundua kwa bahati. Walikuwa wachanga bado, na Jenereta alikuwa amelia mpaka midomo ikabadilika rangi. Nimembeba, nimemwimbia, nimemnyonyesha, wapi. Nikamlaza kitandani kando ya dada yake nikageukia ukuta nilie na mimi. Mkono wangu ukaegemea gurudumu la cherehani, likazunguka. Nikakaa nikaanza kukanyaga, basi tu, kwa kukosa la kufanya. Nilipogeuka, wote wawili walikuwa wamelala.

Tangu siku hiyo nakanyaga.

Uzi sitii. Kushona sijui. Marehemu alijaribu kunifundisha mara moja, nikajichoma kidole, akacheka mpaka akashika mbavu, akasema kazi yangu mimi itakuwa kutia vifungo. Chini ya sindano naweka kipande cha shuka la zamani, kwa sababu aliwahi kuniambia kwamba cherehani ikikanyagwa bila kitambaa meno yake yanasagana. Nakanyaga kama nilivyokuwa namsikia yeye. Mshono mrefu. Mshono mfupi. Halafu anatulia, anageuza kitambaa. Halafu mrefu tena. Hata ile ya kutulia naiweka, ingawa sina cha kugeuza.

Walioko nje wanasikia fundi. Ndivyo mwalimu alivyokuja na kitambaa chake cha zambarau, akasema amesikia cherehani na akamshukuru Mungu kwamba fundi ameacha mtu. Gauni alilitaka kwa ajili ya harusi ya mdogo wake. Nilikuwa nafungua mdomo nimwambie ukweli. Lakini ilikuwa zamani sana mtu hajakaa kwenye kiti changu akaniita kwa furaha, na aliniita fundi. Nikachukua futi ya marehemu ukutani, nikampima.

Sasa tuendelee.

Mama mkwe alikuja katikati ya wiki bila taarifa, na mkoba mmoja na mdumu wa maziwa. Tangu watoto wazaliwe alikuwa amewaona mara moja. Alisimama katikati ya chumba, akatazama cherehani kwa muda, akavua kitambaa chake cha kichwa akaifunika.

Nikamwambia, "Mama, naitumia."

Akaniuliza naitumia kwa kazi gani na mimi sishoni. Nikamweleza. Alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, halafu akakiondoa kitambaa polepole akajifunga tena kichwani.

Kwa watoto alikuwa mtu mwingine kabisa. Alimwinua Jenereta juu, akamwita mume wangu. Kimya akamwita mke mwenzangu. Nyumba ikawa na ndoa ndani yake.

"Mume wangu ana makelele huyu," alisema akimwogesha. "Mtu hajakaa vizuri, yeye ameshadai chakula. Mke mwenzangu, wewe umewezaje kuishi naye?"

Kimya alimtazama kwa yale macho yake makubwa, akacheka bila sauti. Yeye hata kucheka alicheka hivyo, mabega tu.

Na mimi nilicheka. Nakiri kwamba nilicheka, nikaenda kusimama nje kidogo, kwa sababu neno mume wangu lilikuwa halijatamkwa chumbani humo tangu nilipoacha kulitamka mimi.

Kesho yake tulikwenda kliniki. Nesi akawapima. Jenereta mzani ulimkubali. Alipofika kwa Kimya akatazama, akamtoa, akamrudisha tena kwenye mzani, akaandika.

Akaniuliza, "Huyu anakula?"

Nikamwambia, "Huyu wala hasumbui. Halii."

"Mama, sikuuliza kama analia. Nimeuliza kama anakula."

Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma yangu, amempakata Jenereta. Sikugeuka kumtazama. Nesi akasema uzito wa mtoto umesimama palepale ulipokuwa mara iliyopita, akanieleza habari ya uji mzito na mayai, na akasema nianze kumlisha yeye kwanza. Niliitikia kila kitu. Tulirudi nyumbani, kila mtu na pacha wake.

Jioni ile ndiyo nilisikia lile neno.

Nilikuwa uani naanua nepi. Mama mkwe alikuwa ndani anaongea kwa simu na mwanawe mdogo, yaani shemeji yangu, anayeishi naye. Kuta zetu nyembamba. Nilimsikia anasema, "Jumapili nakuja na mwenzangu. Tandikeni vizuri, na yule ng'ombe msikamue mkamaliza."

Nepi ikanidondoka.

Mwenzangu. Mwanamke akikwambia mwenzangu amesafiri, au mwenzangu hapendi chumvi, huulizi ni nani. Ni mumewe. Na humu ndani mama mkwe alikuwa na mume mmoja tu, na mume huyo wakati ule alikuwa anagonga sufuria kwa kijiko.

Nikaelewa kila kitu, au nilidhani nimeelewa. Mwanawe amekufa. Jenereta amefanana na marehemu mpaka kwenye kisogo. Ana sauti yake, ana hasira zake za njaa. Mama mkwe amekuja kumchukua mwanawe arudi naye nyumbani.

Ningefanya nini? Mama yangu mzazi alishatangulia. Ndugu zangu wako mbali na kila mmoja ana yake. Sikuwa na mtu wa kumpigia nikamwambia njoo usimame karibu yangu, mtoto wangu anataka kuchukuliwa. Nikaokota nepi, nikaifua upya.

Kuanzia siku ile Jenereta hakushuka mgongoni kwangu.

Nilipika naye mgongoni. Nilifua naye mgongoni. Nilikanyaga cherehani naye mgongoni, jasho linanitiririka. Nilikwenda naye chooni. Mama mkwe akinyoosha mikono amchukue, nasema ndiyo kwanza amesinzia, na yeye Jenereta ananguruma palepale kuniumbua.

"Huyu amesinzia?" aliuliza mama mkwe.

"Anaota, mama."

"Anaota anagombana na nani?"

Hakusisitiza. Alimchukua Kimya akaenda naye kivulini. Alimlisha uji kwa kijiko kidogo, taratibu, akimsubiri ameze. Alimpaka mafuta. Nilikuwa nawaona kupitia dirishani, naona na ninashukuru moyoni kwamba angalau huyo ana wa kumshika, ili mimi nimlinde mwenzake.

Wasomaji wangu, ninapoandika sentensi hiyo mkono unakuwa mzito. Lakini niliahidi nitaandika kama ilivyokuwa.

Jumamosi nilijaribu kumwahi. Nilimwambia kwamba watoto wakitenganishwa huwa wanaugua, nimesikia hivyo. Akasema na yeye amesikia. Nikamwambia nimeshazoea, hali sasa ni nzuri, usingizi naupata. Akanitazama usoni, na uso wangu nadhani ulimjibu. Nikamwambia mtoto wa kiume anahitaji kukaa pale baba yake alipofanyia kazi, aone vitu vyake. Hapo akaacha kuchambua mchele.

"Mtoto wa kiume amefanyaje?"

"Nasema tu, mama."

Akaendelea kuchambua.

Jumapili asubuhi alikuwa ameshavaa kabla sijaamka. Mkoba uko mlangoni. Nikaruka kitandani, nikamnyakua Jenereta aliyekuwa bado amelala, nikajifunga naye mgongoni kwa mafundo mawili. Akaamka akaanza kazi yake. Nikasimama kati ya mama mkwe na mlango nikijiandaa kwa maneno niliyoyapanga.

Mama mkwe akanipita. Akainama kitandani, akamwinua Kimya.

Alikuwa ameshamvisha. Soksi, kofia, sweta la njano. Kimya alikuwa macho, ametulia, ameshika kidole cha bibi yake.

"Mama, huyo ni Kimya," nilisema.

"Najua ni nani. Naweza kumkosea mke mwenzangu?"

"Lakini ulisema…"

"Nilisema nini?"

"Nilikusikia kwenye simu. Ulisema unaondoka na mwenzangu."

"Ndiyo. Mwenzangu si huyu?"

Akanitazama. Akatazama mafundo mawili kifuani pangu. Akamtazama Jenereta anayepiga kelele begani mwangu. Nikaona anavyolipata lile jambo kidogo kidogo, na mdomo wake ukaanza kutaka kucheka.

"Ulidhani nakuibia mume," alisema. "Siku zote hizi umemfunga mgongoni ukidhani nakuibia mume."

Ningecheka na mimi kama kicheko chake kisingekatika pale pale.

"Na huyu je?" akaniuliza. "Huyu uliniachia."

Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, Kimya mapajani, na sauti yake haikuwa ya ugomvi. Afadhali ingekuwa ya ugomvi.

"Mwanangu, sikuja kukunyang'anya. Nilikuja kuwatazama, nimewatazama. Una kazi ya watu wawili na uko mmoja. Hilo sikulaumu. Nakuuliza kitu kimoja tu. Mume wangu huyu analazwa na cherehani. Umenieleza, na nimeona. Huyu mwenzangu analazwa na nini?"

"Huyu analala mwenyewe."

"Analala mwenyewe."

"Ndiyo, mama. Ukimwangalia unakuta ameshalala."

"Hakuna mtoto anayelala mwenyewe. Ni kwamba unapomwangalia ameshamaliza." Akamrekebisha kofia. "Anapenda nini? Anaogopa nini? Akiwa na njaa anafanya nini, maana halii?"

Nilitafuta. Naapa nilitafuta kichwani mwangu kama mtu anayepekua mifuko. Ya Jenereta yote yalikuwepo, yamejaa. Ya Kimya niliyoyakuta ni kwamba hasumbui.

"Mimi simfungi kamba," alisema mama mkwe akisimama. "Maziwa yapo, mikono ipo. Siku ukijua analazwa na nini, njoo unieleze, umchukue mtoto wako."

Ningeweza kukataa. Ni mtoto wangu, hakuna ambaye angenilazimisha. Lakini nesi alikuwa amenisema mbele ya mama huyo huyo, na jibu la swali lake sikuwa nalo. Na kulikuwa na kitu kingine, ambacho sijamwambia mtu. Mlango ulipofunguka na ule mkoba ukatangulia nje, mabega yangu yalishuka. Mwili ulisema, mmoja tu leo. Mwili ulisema hivyo wenyewe, bila kuniuliza.

Niliwasindikiza mpaka kituoni. Kimya alinitazama kupitia bega la bibi yake mpaka basi likakata kona. Hakulia. Nilitamani alie.

Nilivyorudi chumba kilikuwa kimeongezeka ukubwa.

Niliweka maji ya kuoga kwenye mabeseni mawili kabla sijakumbuka. Nilikoroga uji wa wawili. Mchana ziwa la kushoto likaanza kuuma, likalowesha blauzi. La kulia ni la Jenereta, la kushoto ni la Kimya, ndivyo nilivyowazoesha tangu mwanzo ili nisichanganyikiwe. Nilimpa Jenereta la kushoto. Akalikataa. Alilisukuma kwa kiganja akanitazama kama nimemwekea sahani ya mtu mwingine.

Hivyo hilo nililijua, nikajiambia. Nilijua kwamba la kushoto ni lake. Nikataka nimpigie simu mama mkwe nimwambie, nikaona haya.

Jenereta hakulala mchana ule. Nilikanyaga cherehani. Alilia. Nilikanyaga kwa haraka, alilia kwa haraka. Nilidhani ni meno, nikamtazama fizi. Nilidhani ni tumbo. Nikarudi kukanyaga mpaka goti likawa linatetemeka lenyewe, na yeye amekaa kitandani analia huku anapapasa godoro upande wa ukutani, mahali ambapo dada yake hulala. Anapapasa, anainua shuka, anatazama chini yake, analia.

Siku ya kwanza alisinzia kwa kuchoka, amekaa, kama abiria.

Siku ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Sikuwa nimezungumza na mtu mzima tangu basi liondoke. Jirani mmoja alipita dirishani akaniambia hongera, kazi imechangamka, cherehani haipumziki. Nikamwambia tunashukuru.

Ilipofika alasiri nilikuwa nimekaa nakanyaga, Jenereta ananguruma nyuma yangu, simu ikalia. Ilikuwa juu ya meza ya cherehani. Niliona ni mama mkwe, nikaipokea nikaweka sauti kubwa bila kuacha kukanyaga, kwa sababu nilikuwa nimefika mahali ambapo mguu haukuwa wangu tena.

"Mwanangu," alisema, "huyu mtoto analia tangu jana."

"Nani?"

"Unauliza nani? Ninaye mmoja tu. Hataki maziwa, hataki kubebwa. Nimempeleka kwenye ng'ombe, nimempeleka kwa kuku. Shemeji yako amemrukia kama chura, hakucheka."

"Mama, Kimya halii."

"Sasa hivi ndiyo amenyamaza, ulivyopokea simu. Lakini ngoja…"

Niliacha kukanyaga ili nisikie vizuri.

Sauti ikaja. Ilianza chini, ikapanda, ikakwaruza mwisho wake. Sikuwahi kuisikia. Nilikaa pale mikono hewani, na jambo la kwanza lililonipitia kichwani ni kwamba huyo si wangu, mama mkwe amebeba mtoto wa jirani. Miezi yote hiyo nilikuwa sijui sauti ya mwanangu.

Jenereta aliijua. Alinyamaza ghafla kama umeme uliokatika. Akageuza kichwa upande wa simu.

"Unasikia?" alisema mama mkwe juu ya kile kilio. "Ndivyo tulivyo. Sasa hebu niambie, ulikuwa unafanya nini pale ulipopokea?"

"Sifanyi kitu, mama. Nakanyaga cherehani. Jenereta hajalala."

Nilisikia akimsogeza mtoto karibu na simu.

"Kanyaga tena."

Nikakanyaga. Mshono mrefu. Mshono mfupi.

Kile kilio kikasita. Kikajaribu tena, kikakosa nguvu.

Nikatulia, pale ambapo marehemu angegeuza kitambaa. Nikasikia anavuta pumzi, anasubiri. Halafu mrefu tena, na Kimya akatoa sauti moja ndogo, kama mtu anayejibu hodi, na baada ya hapo sikusikia ila kuhema kwake karibu kabisa na simu. Mama mkwe alikuwa amemwekea sikioni.

Jenereta alishuka kitandani kwa matako kama anavyoshuka. Akatambaa, akashika mguu wa meza, akasimama. Nikamteremshia simu chini, nikaiweka sakafuni juu ya mto. Akalala kando yake. Akaweka sikio. Kuhema kwa dada yake kulipokuwa kuzito, na kwake kukawa kuzito.

Nikayaona yote. Kila siku nilipokuwa nakaa hapa nikiwapa mgongo, haikuwa Jenereta niliyemlaza. Cherehani ilimlaza Kimya, na Kimya akamlaza mwenzake. Nilipogeuka nilikuta wote wameshamaliza, nikampa sifa yule aliyekuwa na makelele.

Nilisema kwa sauti ya chini, bila kuacha kukanyaga, "Mama. Uliniuliza Kimya analazwa na nini."

Nikakanyaga mshono mrefu mmoja, nikaendelea.

"Analazwa na cherehani. Ni yeye. Siku zote alikuwa ni yeye. Na huyu mwingine analazwa na yeye. Nimelijua sasa hivi, mama, sitaki kukudanganya kwamba nilikuwa nalijua. Lakini nimelijua. Na ziwa lake ni la kushoto."

Kimya. Nasema kimya cha kawaida, si mwanangu.

"Mama, upo?"

Nilisikia kitu kama mtu anayekohoa mbali na simu ili asisikike. Halafu sauti yake, nzito, sauti ambayo sikuisikia hata siku ya msiba.

"Nani alikufundisha kutulia pale?"

"Hakuna aliyenifundisha. Nilikuwa namsikiliza."

"Ndivyo alivyokuwa," alisema. "Tangu anajifunza kwa fundi wake, mdogo. Anakwenda, anakwenda, halafu anatulia kama aliyesahau kitu."

Hakusema zaidi. Sikujua kama simu imekatika. Ningeinama kuitazama ingebidi niache kukanyaga, na nikiacha, Kimya ataamka huko na Jenereta ataamka hapa, na jibu langu litakuwa limeharibika mbele ya mtu aliyeliomba. Basi nikakanyaga. Pengine nilikuwa nakanyagia simu iliyokufa. Goti lilikuwa linawaka.

Ndipo hodi ikapigwa.

Sikuitika.

Ikapigwa tena. "Fundi! Najua umo. Nakusikia unashona."

Mwalimu. Harusi ya mdogo wake ilikuwa inakaribia, na mimi katika mambo yangu nilikuwa nimesahau kwamba dunia ina harusi. Niliomba arudi. Lakini mtu anayesikia cherehani inalia ndani anarudi kwa nini? Mlango haukuwa na komeo. Akausukuma.

"Hata huitiki, fundi, kazi imekuka…"

Nikaweka kidole mdomoni. Mguu unaendelea.

Alimwona Jenereta sakafuni, amelala na sikio kwenye simu. Akatabasamu, akanyata mpaka karibu yangu aone gauni lake limefika wapi. Akainama juu ya cherehani.

Nikamtazama anavyotazama. Alitazama sindano inayopanda na kushuka. Alifuata kwa macho mahali uzi unapotakiwa kupita, juu kule kwenye kijiti cha kuwekea uzi, akakuta kijiti kitupu. Akarudi chini. Akashika ncha ya kile kipande cha shuka kinachotoka nyuma, akakiinua taratibu kuelekea dirishani. Mwanga ukapita kwenye matundu yake, mstari kwa mstari, miezi yote hiyo, hakuna palipounganishwa na popote.

Halafu akageuza kichwa akakiona kitambaa chake cha zambarau juu ya kabati, kimekunjwa vile vile alivyokikunja yeye.

Akafungua mdomo.

Na kutoka chini, kwenye mto, kabla mwalimu hajatoa neno, nikasikia sauti ya mama mkwe.

"Mwanangu, usiache kukanyaga. Nimelisikia jibu lako. Nina neno la kukwambia juu ya hawa watoto, na juu ya hiyo cherehani, lakini kwanza niambie ukweli. Huyo niliyemsikia anakuita fundi, ni nani?"